Mkono wa kulia wa Mama

Leo asubuhi tumevuka tena kivuko cha Likoni, mimi na Mama, kwenda kuosha kile kifaa chake kiitwacho porti, cha kupitishia dawa mshipani, kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua. Kemo, zile dawa za saratani, alimaliza miezi mitatu iliyopita, ila daktari amesema kisitolewe kwanza, kwa hivyo kila baada ya wiki nne tunarudi. Nesi husafisha ngozi, akachoma sindano, akavuta kidogo aone kama damu yarudi, kisha akasukuma maji ya chumvi na heparini ili damu isigande mrijani. Tumetoka jua halijawa kali.

Mama hukiita "kifungo". Ukikipapasa chini ya mtulinga wa kulia, ni kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi. Mrija wake umeingia kwenye mshipa wa shingo, ukashuka mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Pale damu ni nyingi na yaenda kasi, dawa ikifika huchanganyika mara moja, haipati nafasi ya kuunguza.

Na kuunguza tumekuona. Mama alikatwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, tukaambiwa mkono ule usichomwe tena sindano. Ukabaki wa kulia peke yake. Humo ndimo ilimopita doksorubisini, dawa ya kemo nyekundu kama sharubati ya Ramadhani. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huweza kuozesha nyama. Mzunguko wa kwanza wa kemo ulipita. Wa pili walimchoma mara tano, na ule mshipa uliopatikana ukavimba dawa ikiwa ndiyo kwanza yaingia. Nesi aliwahi kuifunga. Mama hakulia. Alinambia tu, "Mwanangu, huu mkono ushachoka."

Habari ya kifungo tuliipata siku hiyo hiyo, kwa mama mmoja tuliyeketi naye benchi moja. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Mbona hatukuambiwa kabla ya dripu ya kwanza? Usiku ule nilisoma hadi saa nane. Kumbe daktari John Niederhuber na wenzake, Marekani, waliandika juu ya vifaa hivi mwaka 1982! Kabla yake mgonjwa alikaa na mrija unaoning'inia nje ya kifua.

Ndugu walichanga. Kuwekwa kwenyewe kulichukua kama saa moja, kwa sindano ya ganzi, kisha picha ya eksirei, na jioni tukarudi nyumbani. Kidonda kilipopona Mama alikuwa na swali moja tu: josho lake litatimia? Ustadhi wetu wa mtaani alimtuliza, kifaa kiko chini ya ngozi na maji yanaifikia ngozi yote. Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Tulionywa kwamba homa au baridi ya kutetemeka, hasa baada ya kifungo kuoshwa, si ya kungojea kuche, kwa sababu vijidudu vikiingia mrijani vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Kipimajoto bado nakiweka chini ya mto.

Sindano yenyewe imechongwa isikate ule mpira wa silikoni ulio juu ya kifungo, ndiyo maana huweza kuchomwa zaidi ya mara elfu moja. Mizunguko iliyobaki, kila mara ilikuwa mchomo mmoja. Nikimtazama usoni, siyo mkononi.

Jioni hii binamu yangu amekuja na hina, maana kesho kutwa kuna harusi huku kwetu. Wakati wa kemo Mama alikataa hina kabisa, manesi walihitaji kuiona mishipa. Hata kifungo kilipowekwa hakuthubutu, alisema aache kwanza. Leo amekunja mkono wa baibui mwenyewe. Ile mistari myeusi iliyoachwa na dawa mishipani bado yaonekana, toka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Binamu akauliza aanzie wapi.

"Anzia hapa," Mama akamwambia, kidole juu ya ule mstari mrefu. "Ufuate huu huu."