Anayepanda Akilia

Zaburi ya 126 inamtaja mtu anayekwenda shambani akilia, mbegu mkononi. Wapendwa, tumezoea kuyachukua machozi hayo kama mfano wa taabu za kiroho. Mkulima aliyepigwa na ukame hahitaji mfano. Analia kwa sababu anachokifukia ardhini ni chakula, na nyumbani watoto hawajala.

Ukame hufika kwenye debe la mbegu mwishoni. Huanzia shambani. Mahindi huumia zaidi yanapochanua: yakikosa maji wiki mbili kabla au baada ya ndevu kutoka, mbelewele, lile ua la kiume juu ya mmea, humwaga chavua kwa wakati wake, ndevu zikachelewa kuipokea, na gunzi likabaki na mapengo. Mtama una subira. Hukunja majani, ukasimama, mvua ikirudi ukaendelea. Kisha mifugo. Kila mwenye mbuzi anampeleka sokoni siku zilezile na jirani yake, bei ya mnyama inaporomoka huku ya nafaka ikipanda. Ndipo debe linafunguliwa.

Mwanzo 47 ina mfuatano uleule: fedha ziliisha, ikafuata mifugo, mwisho ardhi na watu wenyewe. Tunapenda kumsifu Yusufu kwa kuweka akiba sehemu ya tano miaka ya shibe, na tunaupita haraka ukurasa huu ambapo wenye njaa wanageuka watumwa wa Farao. Tusiupite. Ila hata katika mapatano hayo mazito Yusufu aliwapa mbegu, na alipotaja sehemu nne watakazobaki nazo alianza na mbegu za shamba, ndipo chakula chao na cha watoto wao.

Basi msaada wa serikali usipimwe kwa magunia ya chakula peke yake. Nafaka ya msaada ikija bila mbegu, watu huipanda. Lakini nafaka hiyo haikutunzwa ili iote, aina yake haijulikani, na ikiwa ni uzao wa mahindi chotara haitazaa kama mzazi wake. Kinyume chake ni hatari zaidi: mbegu iliyotiwa dawa, ile yenye rangi nyekundu au kijani, ikiingia kwenye nyumba isiyo na unga, itaoshwa na kupikwa. Kuosha hakuondoi sumu. Vije vyote viwili, na mbegu iwe mikononi mwa mkulima kabla ya mvua ya kwanza; ikichelewa wiki tatu, mmea utachanua mvua zikiwa zimeshakata.

Usharika ukiombwa kusaidia kuandikisha kaya, orodha isomwe hadharani kabla ya kupelekwa, mbele ya watu wanaojuana. Liandikwe jina la anayelima. Mjane anayelima shamba ambalo hati yake bado ina jina la marehemu ndiye huachwa nje, na kwa kawaida hakuna aliyekusudia kumwacha.

Kwa aliyebakiwa na mbegu yake mwenyewe, asiipeleke shambani kwa kubahatisha. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, maana ukichagua umejidanganya. Zipange kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, zisigusane, ukikunje na kukiweka kivulini mahali pasipo baridi. Nyunyiza maji kidogo kila siku. Kitambaa kikilowa chapachapa punje zinaoza na utailaumu mbegu isiyo na kosa. Siku ya saba hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi vyenye afya. Zikifika 85, panda kwa kiasi chako cha kawaida. Zikiwa 60, ongeza: kama hupanda kilo 10 za mahindi kwa ekari, zidisha 10 kwa 85 kisha gawanya kwa 60, utapata kilo 14 hivi. Zikiwa chini ya 50, usipoteze jembe lako. Kama haikutiwa dawa wala haina ukungu, hiyo ni ya kula, na mapema ndiyo wakati wa kuomba nyingine ofisini kwa bwana shamba.

Ukizikunja leo baada ya ibada, siku ya kuhesabu ni Jumapili ijayo. Njoo na kitambaa chako.