Tafakari ya Juma: Kujilisha Upepo

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimepewa cheo nilichokiombea kwa miaka mitatu. Wengi wenu mnalijua hilo, kwa kuwa mlifunga na kuomba pamoja nami, na barua ilipotoka siku ya Jumatatu ninyi ndio mliokuwa wa kwanza kupewa habari. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Hata hivyo naona ni wajibu wangu kuwaambia pia yaliyonipata Alhamisi usiku, kwa sababu nikiyaficha nitakuwa nimewapa ushuhuda nusu. Usiku ule nilijikuta nimeketi peke yangu nikipiga hesabu ya miaka nitakayohitaji ili nifikie cheo kinachofuata, nikiwaza ni nani aliye mbele yangu na ni nani anayeweza kunipita. Zilikuwa zimepita siku tatu tu. Jambo ambalo nilimwahidi Mungu kwamba akinipa sitamsumbua tena lilikuwa limekwisha kupoa mikononi mwangu, na moyo ulikuwa na njaa ileile, pengine kali kuliko ya mwanzo, kwa maana sasa sikuwa tena na kisingizio kwamba sijapata.

Nilifungua kitabu cha Mhubiri, sura ya pili. Anayenena pale hakushindwa maishani. Alijijengea nyumba, akapanda mizabibu, akachimba birika za maji ya kuinyweshea miti yake, akakusanya fedha na dhahabu, na anakiri waziwazi kwamba moyo wake ulizifurahia kazi hizo alipokuwa akizitenda. Ndipo alipogeuka kuyatazama yote kwa pamoja, akasema ni ubatili na kujilisha upepo. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na siku zote nililichukulia kuwa ni la mzee aliyechoka na maisha. Sasa naona jinsi alivyolipima kabla ya kulitamka. Mtu anayejilisha upepo hakai bila kula. Anafumbua kinywa, anatafuna, anameza, na kwa kitambo anajiona ameshiba. Ila hakuna kinachoingia mwilini, na baada ya muda mfupi anarudi mezani akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Ndivyo nilivyokila cheo changu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Asinielewe mtu vibaya nikadhaniwa kwamba naidharau kazi. Mwanadamu aliwekwa katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia, kwa hiyo laana iliyokuja baadaye ilileta miiba na jasho juu ya kazi ambayo tayari ilikuwapo na ilikuwa njema. Mtume Paulo alishona mahema. Kijana anayechelewa kazini, au anayemaliza shughuli za mwajiri wake kwa mkono mlegevu huku akijitetea kwamba moyo wake uko katika huduma, na asome tena Wakolosai: "Lolote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Hapo sina la kuongeza.

Lililonishika na kunikalisha chini ni jambo jingine. Bwana Yesu alipotoka majini katika Yordani, sauti kutoka mbinguni ilisema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Tumelisoma andiko hili mara nyingi katika ibada za ubatizo, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kusimama akauliza, kufikia siku ile Yesu alikuwa amefanya nini? Hapakuwa na kipofu aliyefumbuliwa macho. Hotuba ya mlimani ilikuwa bado, Lazaro alikuwa bado hajafa, na wale kumi na wawili walikuwa hawajaitwa. Luka anatuambia kwamba alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, na Marko anatuonyesha kwamba watu wa kwao walimjua kuwa ni seremala. Miaka ile yote haina muujiza hata mmoja ulioandikwa katika Injili zetu. Na Baba anapendezwa naye! Pendo lile lilimtangulia, na kazi ikafuata nyuma yake. Ndiyo maana aliweza kufanya kazi hadi kuchoka, akalala chomboni wakati wa dhoruba. Ndiyo maana aliweza kuwakimbia watu waliotaka kumfanya mfalme, akapanda mlimani peke yake. Na ndiyo maana pale penye kisima cha Samaria, wanafunzi walipomsihi ale, alisema kwamba chakula chake ni kuyatenda mapenzi yake aliyempeleka. Alikwenda kazini akiwa ameshiba. Mimi nilikwenda kazini nikiwa na njaa, nikaitaka kazi inipe jina ambalo Baba alikuwa amekwisha kunipa bure katika Kristo, nikaiona imenidanganya iliposhindwa kunipa kitu ambacho haikuumbwa kukitoa.

Ee kijana mwenzangu, wewe uliyekuwa wa kwanza darasani na sasa unaogopa kuwa wa pili, wewe unayefungua simu usiku wa manane kutazama waliosoma nawe wamefika wapi, lishike neno hili la Yordani. Umependwa kabla ya usaili, na matokeo ya usaili hayataliongeza wala kulipunguza pendo hilo. Zaburi inasema kwamba yeye humpa mpenzi wake usingizi. Lala basi. Kesho uamke ukafanye kazi kwa bidii zako zote, na jioni uiache mezani.

Na hapa sina budi kutukemea sote, nikianza na nafsi yangu. Katika ushirika wetu, ni nani tunayempa nafasi ya kushuhudia? Kwa muda ninaoukumbuka, karibu kila ushuhuda wa vijana umekuwa wa ajira, cheo, au biashara iliyofunguka. Tunashangilia, na ni vema kushangilia pamoja nao wafurahio. Lakini kwa kushangilia hayo peke yake tumewafundisha waliobaki kwamba mkono wa Mungu huonekana kwenye barua ya ajira, na asiyekuwa nayo ajitafute alipokosea. Huko ni kulishana upepo, tena ndani ya nyumba ya Bwana.

Yuko ndugu yetu mmoja ambaye hajapata kazi kwa muda mrefu, na sasa yapata miezi minne hajaonekana kati yetu. Ijumaa nilimpigia simu. Hakuwa na uchungu na Mungu, na aliniambia kwamba kila alfajiri bado anasali na kusoma Neno. Alichoshindwa kukivumilia ni swali analoulizwa kila Jumapili mlangoni, "Vipi, Bwana amejibu?", pamoja na ule uso wa huruma unaofuata anaposema bado. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanaomuuliza hivyo.

Jumapili ijayo nimepangiwa kutoa ushuhuda wa cheo changu. Nitautoa, na nitawasimulia pia habari za Alhamisi. Nimemwomba ndugu huyu naye asimame aeleze jinsi Bwana alivyomtunza katika miezi hii, akakubali baada ya kusita sana, kwa sharti moja tu, kwamba asiulizwe habari za kazi atakapofika. Naomba wote mtakaokuwa mlangoni tumpokee kwa jina lake, tumkalishe, tuanze kuimba.