Siku moja maishani mwangu: Leo Moshi tumempa Bibi wa Magazeti heshima yake

Saa 11:30 alfajiri
Mlima uko wazi, Kibo na Mawenzi vyote vinaonekana. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Moshi, na kwa kawaida muda huu naanza kuwapigia watu wangu wa stendi na sokoni kuuliza usiku umelalaje. Leo simu zinasubiri. Mchana huu majirani, walimu na vijana wa mtaani tunamheshimu mama aliyenifundisha kazi. Mtaani tunamwita Bibi wa Magazeti. Amewahi kuandikia magazeti zaidi ya moja, enzi ambazo habari ya mkoani ilisomwa kwa simu neno kwa neno, na picha zikasafiri ndani ya bahasha kwa kondakta wa basi la Dar.

Saa 2 asubuhi
Steshenari karibu na mnara wa saa. Kijana ameshapanga cheti, bado kuprinti. Nasoma jina la bibi herufi kwa herufi, kisha namwomba naye asome kwa sauti. Ndivyo bibi alivyotufundisha: jina la mtu likikosewa gazetini, umemnyima habari yake.

Saa 4 asubuhi
Nimepanda daladala hadi Kiboriloni, kisha bodaboda hadi kwake, upande wa Old Moshi. Shikamoo, marahaba, halafu amri: "Nawa mikono kwanza, ndipo uguse karatasi."

Hapa ndipo ningependa kila mtu aliyekuja ukumbini angepita. Chumba cha nyuma kina makabati mawili ya mbao. Ndani kuna vifurushi vilivyofungwa kwa kamba ya katani, kila kipande cha gazeti kimebandikwa kwenye karatasi ya kaki, na pembeni kuna tarehe na namba ya ukurasa kwa wino wa bluu. Kuna nakala za Komkya, gazeti la Wachagga la miaka ya 1950, zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Kuna daftari la mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilichoandikishwa mwaka 1933 kutokana na chama cha wakulima cha 1925, nacho kilikumbwa. Waandishi wengi wangetosheka na tamko la wakubwa. Yeye alizunguka kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, akaandika jina la karani wa mizani, jina la mkulima, na kahawa yake ilikuwa imefikia wapi siku ile.

Daftari ninalolipenda kuliko yote ni la Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapa. Wajerumani walimnyonga hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Bibi aliwakalisha wazee mmoja mmoja. Chini ya kila simulizi ameandika msimuliaji ni wa ukoo gani, mwana wa nani, na alisikia kwa nani. Mwaka 2023, vipimo vya vinasaba vilivyofanyika Ujerumani vilipohusisha mafuvu yaliyokuwa Berlin na familia za huku Kilimanjaro, niliyafikiria sana madaftari haya. Fuvu likirudi, litahitaji watu wanaojua ni babu wa nani.

Namsaidia kuvaa, tunaondoka.

Saa 7 mchana
Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Mchungaji ameomba, mwenyekiti wa mtaa amesoma cheti, kina mama wamemvisha bibi kitenge kwa vigelegele. Kisha akasimama mzee mmoja mwenye koti la kijivu, hakuwamo kwenye ratiba. Akatoa mfukoni karatasi iliyotiwa nailoni, akavaa miwani, akasoma habari fupi ya zamani kuhusu ukarabati wa mfereji wa kijijini kwao. Katikati ya habari kuna jina la baba yake, msimamizi wa mfereji.

"Hatuna picha yake hata moja," alisema. "Tuna hii. Asante, mama."

Bibi akamuuliza pale pale kama mfereji bado unapitisha maji. Mzee akasema kwa zamu, na siku hizi ni machache. Bibi akanigeukia: "Umeandika?" Nilikuwa nimeandika.

Saa 9 alasiri
Mtori, nyama choma, mbege kwa wanaokunywa. Bibi amekula kidogo, amesalimia wengi.

Saa 11 jioni
Nimetuma stori na picha mbili. Mhariri anataka maneno 300. Nimeshikilia aya ya yule mzee ibaki, nikakata hotuba, ya kwangu ikiwemo.

Saa 2 usiku
Tumekubaliana na vijana wanne: kuanzia Jumamosi tunapiga picha vipande vyote, kimoja kimoja, kwa mpangilio wake mwenyewe bibi, naye akiwa amekaa hapo atuambie nani ni nani kwenye picha zisizo na maelezo. Cheti ni kizuri, lakini mchwa hawasomi cheti, na akili ya bibi bado inakata vizuri sasa hivi. Kama kwenu, iwe Marangu, Machame, Kibosho au Rombo, kuna sanduku darini lenye magazeti ya zamani au barua za ushirika, msiyatumie kuwashia jiko. Andikeni tarehe pembeni, muwaulize wazee majina, kisha mtutafute.