Barua Iliyotumwa Babeli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juzi nilimkuta binti yangu wa miaka minne akicheza "ofisi" sebuleni. Midoli ameipanga foleni, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba. Karani ni yeye. Zamu ya sungura ilipofika alimtazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa: "Karatasi moja haipo. Rudi nyumbani." Mama yake alicheka. Mimi nilishindwa.

Huu ni mwaka wetu wa sita Ujerumani. Tuliomba kuongezewa kibali cha kuishi kabla cha zamani hakijaisha, kama sheria inavyotaka, tukapewa Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya kukunja inayosema kibali cha zamani kinahesabika bado ni hai mpaka ofisi ya wageni iamue. Wa huku mnaijua: cha kwanza unatazama kisanduku kipi kimetiwa alama, maana kimoja kinakuruhusu kusafiri na kurudi, kingine ukitoka umetoka. Chetu ni kile kizuri, namshukuru Mungu. Ila kamweleze mwenye nyumba kwamba karatasi hiyo ni kibali! Barua pepe hazijibiwi, na kupata termin, yaani miadi ya kuonana nao, ni kama kuokota lulu.

Basi tukazoea kuahirisha. Kuogelea, "tukishapata kadi ya kibali". Masanduku yako juu ya kabati tangu tulipofika. Mtoto analala kwenye kitanda kilichokuwa kifupi kwake, miguu imekunjwa, kwa sababu kununua kingine ni gharama na huenda tukahama.

Yeremia 29 tunaipenda kwa mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani na tumaini. Mimi wiki hii nimekwama kwenye ule wa 5. Ni barua ya nabii Yeremia kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli mwaka 597 K.K. Sura ya 28, nabii wa uongo Hanania alikuwa ameahidi kwamba miaka miwili tu watarudi, na Yeremia mwenyewe aliitikia "Amina", maana nani hataki kurudi kwao? (Akina Hanania tunao hata sisi: "Wiki mbili tu, mimi namjua mtu pale.") Lakini barua ikasema miaka 70. Na kwa muda huo wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wazae.

Nikawaza mtoto aliyezaliwa mwaka barua ile ilipofika. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipotoa ruhusa ya kurudi, huyo alikuwa na mvi. Utoto wake wote ulikuwa Babeli, mwingine hakupewa. Baba yake angekaa miaka yote juu ya sanduku lililofungwa, mtoto angekumbuka nini? Sanduku.

Mstari wa 7 ndio mgumu kwangu: uombeeni mji huo. Mji wangu una karani wa dirishani, hanitazami usoni, na mezani pake mafaili yamempita kimo. Nimeanza kumwombea, kwa meno ya kuumana kidogo. Niombeeni nami, pamoja na wote wanaongoja majibu wiki hii.

Jumamosi tulinunua kitanda. Tulikifunga wenyewe, skrubu mbili zikabaki na hatujui za wapi. Binti yangu alijinyoosha mpaka vidole vya miguu, kisha akasogea ukutani kumpisha sungura, ambaye karatasi zake bado hazijakamilika.