Palipokuwa Zizi la Babu

Mwezi Machi mwaka 2009 nyanya zetu pale Ilula, Iringa, ziliungua bila moto. Majani ya chini yalianza kutoka madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, yakizungukwa na unjano. Yakakauka, ugonjwa ukapanda, na matunda yaliyoanza kunenepa yakabaki wazi juani. Mama alikuwa akipiga mankozebu, dawa ya kuzuia kuvu, kila wiki, mvua nayo ikiiosha. Fedha ya dawa ilikuwa ya mkopo wa kikundi, kwa hiyo kila jani lililokauka lilimuuma mara mbili.

Bwana shamba alikuja asubuhi moja. Baada ya salamu alichuma jani, akaligeuza, akasema, "Hii ni bakajani tangulia, mama." Kisha akatembea mstari kwa mstari mpaka kona ya juu, akasimama. Pale miche ilikuwa ya kijani hadi chini, mashina manene. Madoa yalikuwapo, lakini ya kuhesabu.

"Huku mlipanda mbegu nyingine?"

"Mbegu ni ile ile, mwanangu. Siku moja, bomba moja la dawa."

"Zamani palikuwa na nini hapa?"

Mama akafikiri kidogo. "Zizi la baba mkwe. Ng'ombe waliuzwa zamani, huyu hajazaliwa," akanionyesha mimi.

Yule bwana akaomba jembe. Kwenye kona alichimba udongo mweusi, unaomeguka mkononi, una unyevu na nyungunyungu. Hatua chache kuteremka kutoka pale jembe lilitoa mabonge mekundu, makavu ndani ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku. Akatuwekea yote mawili kwenye jani la mgomba tuyatazame.

Alituelezea taratibu, na maelezo yale sijayasahau. Kuvu wa bakajani tangulia hupenda jani lililozeeka au lenye njaa. Mnyanya ukishabeba matunda na udongo hauna kitu, hunyonya naitrojeni, chakula cha majani, kutoka majani yake ya chini na kuipeleka juu. Majani hayo huzeeka kabla ya wakati, na kuvu huanzia hapo. Mankozebu huzuia mbegu za kuvu zisiote juu ya jani, lakini hailishi jani. Kwenye kona ya zizi, samadi ya miaka ile ilikuwa bado inaulisha mmea kidogo kidogo.

Jirani aliyekuwa akisikiliza alisema basi jioni anamwaga urea, mbolea ya naitrojeni, shamba zima. Bwana shamba akamkatalia palepale. Naitrojeni ikizidi, majani huwa laini, kichaka hufungamana na hakikauki umande, na baridi ya Juni ikifika bakajani chelewa, ugonjwa mwingine, huteketeza vyote kwa siku chache. Alitaka mmea ulishwe kwa kipimo, na potashi, kirutubisho kingine, isisahaulike.

Tulichuma majani mabovu tukayachomea nje ya shamba, tukaweka mbolea ya CAN kiasi kuzunguka mashina, tukatandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani. Tuliokoa sehemu tu ya mavuno. Mpaka leo linaniudhi kwamba madukani tuliuziwa dawa baada ya dawa, na hakuna aliyeuliza udongo wetu ukoje.

Msimu uliofuata Mama alipanda mahindi pale, maana mabaki ya nyanya huhifadhi kuvu. Kabla ya kurudisha nyanya alikwenda kwa wafugaji kutafuta samadi. Kijana mmoja alimwonyesha lundo kubwa, bei nzuri. Mama akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akautoa haraka.

"Hii bado inachemka. Itaniunguzia miche."

"Mama, samadi ni samadi."

"Nipe ile ya nyuma, iliyokaa mpaka inafanana na udongo. Nitaongeza hela."

Walivutana sana juu ya bei. Mwishowe tuliondoka na mkokoteni umejaa, na kila shimo la mche likapata koleo moja.