Tishio la Kuhama: Mrengo wa Kushoto na Ajira Zinazopelekwa Nje

Kila kiwanda kinapofungwa katika nchi tajiri na kazi zake kupelekwa mahali ambapo mshahara ni mdogo, sisi wa mrengo wa kushoto huanza kuvutana wenyewe kwa wenyewe. Wapo wanaodai kwamba serikali ilipaswa kuzilinda ajira hizo kwa ushuru wa forodha, na wapo wanaojibu kwamba mfanyakazi wa nchi maskini naye ni mfanyakazi, na kwamba kumnyima kazi ile kwa jina la ujamaa ni ubinafsi tu. Nimezifuatilia hoja hizi kwa muda mrefu, na naona pande zote mbili zimekodolea macho kiwanda kilichokwisha kuhama. Nguvu kubwa zaidi imo katika kiwanda ambacho bado kipo palepale, ambacho wafanyakazi wake wanajua kwamba mwenye mali anaweza kukihamisha akitaka.

Kate Bronfenbrenner, mtafiti wa mahusiano ya kazi katika Chuo Kikuu cha Cornell, alichunguza juhudi za kuunda vyama vya wafanyakazi nchini Marekani katika miaka ya mwanzo ya NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Mexico ulioanza kutumika Januari 1994. Aligundua kwamba takriban nusu ya waajiri waliokabiliwa na juhudi hizo walitishia kufunga kiwanda chote au sehemu yake. Waliotimiza tishio hilo baada ya chama kushinda kura walikuwa wachache zaidi, karibu asilimia 15. Takwimu za ajira zilizopotea zinawaona hao asilimia 15 peke yao. Hazimwoni mfanyakazi aliyeamua kutopiga kura ya kuunga mkono chama, wala yule aliyekubali nyongeza ndogo ya mshahara kwa sababu meneja aliitaja Mexico katika kikao, wala halmashauri ya mji iliyosamehe kodi ili kampuni isiondoke. Tishio halimgharimu mwajiri chochote, na linafanya kazi hata pale ambapo hana nia yoyote ya kuondoka.

Ndiyo maana mabishano ya wanauchumi kuhusu idadi ya kazi zilizopotea, ingawa ni ya lazima, hayanitoshelezi. David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walifanya kazi muhimu walipoonyesha, pamoja na wenzao, kwamba ushindani wa bidhaa za China kati ya 1999 na 2011 uliiondolea Marekani ajira zipatazo milioni 2 au zaidi kidogo, na kwamba maeneo yaliyoumizwa hayakuinuka upesi kama nadharia ilivyoahidi. Kabla ya hapo, maprofesa wengi walikuwa wakiwaambia watu waliofukuzwa kazi kwamba maumivu yao ni ya muda. Hata hivyo, idadi hiyo inatueleza kuhusu waliopoteza kazi, na inanyamaza kuhusu waliobaki nazo wakiwa wamenywea.

Jambo lenyewe si geni. Chama cha Kimataifa cha Wafanyakazi, kilichoundwa London mwezi Septemba 1864, kilizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na malalamiko kwamba waajiri wa Uingereza walikuwa wakileta wafanyakazi kutoka Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji ili kuvunja migomo na kushusha ujira. Wakati ule walisafirishwa watu, na leo inasafirishwa kazi. Waasisi wa chama kile wangeweza kudai kwamba wageni wafungiwe mlango, jambo ambalo lingewapatia shangwe nyingi mitaani. Walichagua kuandikiana barua na wenzao wa ng'ambo ili mgomo wa upande mmoja usivunjwe na watu wa upande mwingine.

Wenzetu wanaoamini kwamba ukuta wa forodha unatosha kumlinda mfanyakazi wangefaa kuisoma historia ya nguo. Kuanzia 1974 hadi mwisho wa 2004, biashara ya nguo duniani iliongozwa na makubaliano yaliyoziruhusu nchi tajiri kuweka mgao, yaani ukomo wa kiasi cha bidhaa zinazoweza kuingia kutoka kila nchi inayoendelea. Nia ilikuwa kuzilinda ajira za Ulaya na Amerika Kaskazini. Wenye viwanda wa Korea Kusini na Hong Kong, walipoona kwamba mgao wao umejaa, walitafuta nchi ambazo mgao wao ulikuwa haujaguswa, na mojawapo ilikuwa Bangladesh. Kwa maneno mengine, kinga iliyowekwa dhidi ya nguo za bei nafuu ilisaidia kuijenga sekta ambayo baadaye ingetengeneza nguo za bei nafuu zaidi. Mtaji ulizunguka ukuta, na mshonaji wa Marekani hakuiona kinga aliyoahidiwa.

Matokeo ya mwendo huo yalidhihirika tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane la Rana Plaza lilipoporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini, kwa sababu oda zilikuwa na tarehe zake na wanunuzi walikuwa mbali. Ninapoelezwa kwamba kazi yoyote ni afadhali kuliko kukosa kazi, swali langu ni moja tu: nani aliyewanyima watu wale uwezo wa kukataa kupanda ngazi asubuhi ile? Mwenye benki alikuwa na uwezo huo. Wao hawakuwa na chama chenye nguvu ya kuwasemea.

Kilichofuata, hata hivyo, ni somo ambalo mrengo wa kushoto haujalitumia vya kutosha. Mwezi Mei 2013, makampuni yanayouza nguo na mashirikisho mawili ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI Global Union, yalitia saini makubaliano ya usalama wa moto na majengo yenye nguvu ya kisheria. Hayakuwa ahadi za hiari zinazopambwa katika taarifa ya mwaka ya kampuni. Mashirikisho hayo yalipoona kwamba baadhi ya makampuni yanachelewa kutimiza wajibu wake, mwaka 2016 yaliyafikisha mbele ya usuluhishi uliosimamiwa na Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague. Usuluhishi wa kimataifa umezoeleka kama silaha ya wawekezaji dhidi ya serikali zinazothubutu kubadili sheria, na kuuona ukitumiwa na washonaji dhidi ya wanunuzi wakubwa ni jambo lililonifurahisha kuliko hotuba nyingi za Mei Mosi. Kesi moja ilimalizika Januari 2018 kwa kampuni kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 2, sehemu kubwa ikiwa kwa ajili ya marekebisho ya viwanda.

Kanuni za biashara ya dunia zimeandikwa kinyume kabisa na mfano huo. Katika mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Singapore mwaka 1996, pendekezo la kuingiza haki za wafanyakazi katika kanuni za shirika lilikataliwa, na suala hilo likaachiwa Shirika la Kazi Duniani, ambalo halina meno ya kuadhibu. Haki za hataza, yaani umiliki wa uvumbuzi, na za alama za biashara, kwa upande mwingine, zilikuwa tayari zimo ndani ya kanuni pamoja na vikwazo vya kuzilinda. Nchi nyingi zinazoendelea ndizo zilizopinga kipengele cha wafanyakazi, zikihofia kwamba ni ushuru uliofichwa, na baada ya miongo miwili ya migao ya nguo sioni sababu ya kuzilaumu kwa shaka hiyo. Lakini walionufaika na kukataa kwao hawakuwa washonaji wa Dhaka.

Nani basi anayenufaika? Watafiti Kenneth Kraemer, Greg Linden na Jason Dedrick walipoigawanya bei ya simu ya iPhone ya mwaka 2010, waliona kwamba karibu asilimia 58 ilibaki kwa Apple kama faida, na kwamba ujira wa wafanyakazi wa China walioiunganisha haukufika asilimia 2. Katika takwimu za forodha simu hiyo ilihesabiwa kama bidhaa ya China iliyoingia Marekani, na wanasiasa wakapata hoja ya kuwaambia wapiga kura wao kwamba Wachina wanawaibia.

Mfano unaonipa matumaini zaidi unatoka Silao, katika jimbo la Guanajuato nchini Mexico, ambako General Motors ina kiwanda cha magari makubwa. Mwaka 2019, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo nchini Marekani walipogoma, kikundi cha wafanyakazi wa Silao kilikataa kufanya kazi ya saa za ziada ili uzalishaji wao usitumiwe kuvunja mgomo wa wenzao. Baadhi yao walifukuzwa. Chama kilichodai kuwawakilisha kilikuwa cha aina inayojulikana sana Mexico, chama kinachotia saini mkataba na mwajiri huku wanachama wakiwa hawajauona. Mwaka 2021 wafanyakazi waliukataa mkataba huo kwa kura, na Februari 2022 wakakichagua chama huru kiitwacho SINTTIA, ambacho miezi michache baadaye kilipata nyongeza ya mshahara ya asilimia 8.5. Walisaidiwa na mageuzi ya sheria ya kazi ya Mexico ya 2019 pamoja na utaratibu mpya wa malalamiko katika mkataba wa USMCA, uliochukua nafasi ya NAFTA mwaka 2020, unaoruhusu kiwanda kimoja kichunguzwe na bidhaa zake zinyimwe nafuu ya forodha iwapo haki ya kujiunga na chama imevunjwa.

Hapa ushuru unabadilika tabia. Mimi si adui wa ushuru. Korea Kusini isingekuwa na viwanda vyake bila kuvilinda, na ilivilinda huku ikivibana vitimize malengo ya mauzo ya nje. Ushuru usio na sharti, kama ule uliotangazwa na Marekani mwaka 2018, humwongezea mwenye kiwanda cha ndani nafasi ya kupandisha bei bila kumdai chochote kwa ajili ya wafanyakazi wake, na kwa hiyo sielewi kwa nini baadhi ya wenzetu waliupigia makofi. Ushuru unaotegemea kura huru ya wafanyakazi wa upande wa pili unapunguza faida ya kuhama, na kwa hiyo unapunguza pia uzito wa tishio la kuhama.

Kasoro ya utaratibu huo wa USMCA imefichwa katika tanbihi ya mkataba. Mexico inaweza kulalamikia kiwanda cha Marekani pale tu ambapo tayari kuna amri ya bodi ya mahusiano ya kazi ya Marekani inayotekelezwa dhidi ya kiwanda hicho, wakati Marekani haihitaji chochote cha namna hiyo ili kulalamikia kiwanda cha Mexico. Mfanyakazi wa ghala au wa kiwanda cha magari katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako vyama hupigwa vita waziwazi, hawezi kusemewa na serikali ya jirani kama yule wa Silao. USMCA yenyewe imeweka mwaka 2026 kuwa mwaka wa mapitio ya pamoja, na tanbihi hiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kufutwa. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani ndivyo vinavyopaswa kudai ifutwe, kwa sauti kubwa kuliko vya Mexico.