Mama hujilaza mkekani

Nilikuwa na jozi mbili za twita (spika ndogo za sauti nyembamba) mezani: moja ya kuba ya hariri, inchi 1, nyingine ya utepe, urefu sentimita 12. Boksi lile lile, woofa (spika ya sauti nzito) ile ile ya inchi 6 na nusu. Spika zilikuwa za sebuleni kwa mama, hapa Tanga, na mama husikiliza taarabu ya zamani karibu kila usiku.

Utepe ule unatia woga kuushika. Ni alumini nyembamba kuliko karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa vikunjo vidogo vidogo kama marinda, ikaning'inizwa katikati ya sumaku. Hauna koili iliyogundishwa nyuma kama kuba. Umeme unapita kwenye utepe wenyewe, na utepe huo huo ndio unaosukuma hewa. Ukinzani wake wa umeme haufiki hata omu moja, kwa hiyo ndani mna transfoma, la sivyo amplifaya ingeona shoti.

Na sauti yake, jamani! Ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilitoka uzi kwa uzi, kila mmoja ukisikika unapoanza na unapokufa, bila kumfunika mwenzake. Nilikaa kwenye kochi nikajua nimeshachagua.

Sasa, mama hakai kwenye kochi. Akishaswali Isha anajilaza mkekani, mto chini ya ubavu. Jioni ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, mbona ganuni imekwenda mbali?" Nikajilaza kando yake. Kweli, haikuwepo. Nikainuka kukaa, ikarudi.

Hesabu yake ni hii. Sauti nyembamba ya hertzi 10,000 (mitetemo 10,000 kwa sekunde) ina wimbi lenye urefu wa sentimita 3.4. Utepe wa sentimita 12 ni mrefu kuliko wimbi hilo mara tatu na nusu, hivyo ukiteremka chini ya usawa wake kwa pembe ya nyuzi 16 au 17, sauti inayotoka ncha ya juu ya utepe na inayotoka ncha ya chini zinafika kwa kupishana na kufutana. Twita iko sentimita 100 kutoka sakafuni, sikio la mama liko kama 25, umbali ni mita 2 na nusu. Piga hesabu: unapata nyuzi karibu 17, pale pale penye shimo. Nilipoteremsha maikrofoni ya kupimia hadi usawa wa mto, mchoro wa sauti hizo nyembamba ulianguka kama ukuta. Kushoto na kulia utepe unatawanya vizuri mno. Tatizo lake ni juu na chini.

Kuinamisha boksi kungemfaa mama, lakini wajukuu kwenye kochi na jirani anayesimama mlangoni wangekosa. Kuba ya inchi 1 ni ndogo kuliko wimbi lile, inawafikia wote. Tena inakubali kupokea kazi kutoka kwa woofa kuanzia hertzi 2,200, wakati utepe nilikuwa nauanzia 3,500, na huko juu woofa yangu tayari ilikuwa inaibana sauti ya mwimbaji.

Nimefunga kuba. Utepe nimeupeleka chumbani kwangu, mbele ya kiti kimoja.

Juzi mama ameniambia ganuni sasa inamchoma masikio. Nimetoa rezista ya omu 2.2 kwenye laini ya twita, nimeweka ya 3.3, kuipunguza sauti kidogo. Jana alisikiliza mpaka akapitiwa na usingizi, nikazima mwenyewe.